Rasilimali Isiyoandikwa Katika Cheti

Neno 'rasilimali' tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni 'kichwa cha mali', yaani fedha anayoanzia mfanyabiashara. Mwaka wa 1961 mwanauchumi wa Marekani, Theodore Schultz, alidai kwamba ujuzi wa binadamu nao ni rasilimali: mtu hugharamia masomo leo ili achume zaidi kesho. Gary Becker aliikuza hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1964. Wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel, Schultz mwaka wa 1979 na Becker mwaka wa 1992. Nasi walimu tumeifupisha nadharia yao kwa kauli moja: "Someni mpate kazi nzuri."

Kauli hiyo si uongo. Hata hivyo, yafaa tujiulize ni kitu gani hasa kinacholipwa: ni miaka ya kukaa darasani, ni cheti, au ni ujuzi wenyewe?

Swali hili lilichunguzwa papa hapa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1980 wafanyakazi wa mshahara wa Nairobi na Dar es Salaam walipewa mitihani ya kusoma na hesabu, pamoja na mwingine wa kupima wepesi wa akili. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1985 na Boissiere, Knight na Sabot. Kilichoathiri mishahara kwa nguvu kilikuwa kile mtu alichokijua katika kusoma na hesabu. Wepesi wa akili peke yake ulikuwa na athari ndogo, na miaka ya shule haikuufikia uzito wa maarifa yenyewe.

Sasa tuipime nadharia hii Kiwayu, kisiwa cha Wabajuni kilicho kaskazini ya Pate, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyoanzishwa mwaka wa 1979. Mvuvi wa huko hutambua bamvua na maji mafu, pepo za kusi na za kaskazi, na mwamba unaoficha kamba. Maarifa hayo yamehifadhiwa katika lahaja yake ya Kitikuu, wala hayakuandikwa katika cheti chochote. Je, mtu huyu tumwite asiye na elimu?

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, mhifadhi wa bahari Julie Church aliwaona watoto wa Kiwayu wakiunda vitu vya kuchezea kutokana na ndara kuukuu zilizotupwa ufuoni na mawimbi. Wanawake wakahimizwa kuziokota na kuzichonga, wakapata wanunuzi, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Ocean Sole. Ustadi huo haukutoka shuleni. Ulikuwapo kabla ya mnunuzi kufika. Kilichoongezeka ni soko.

Soko nalo huweza kutoweka. Mnamo Septemba 2011 washambuliaji waliivamia hoteli iliyokuwa bara, mkabala wa Kiwayu, wakamuua mtalii Mwingereza na kumteka mkewe. Watalii wakaadimika. Nahodha aliyewatembeza baharini hakusahau njia hata moja, lakini pato lake lilipungua. Ikiwa kipato ndicho kipimo cha ujuzi, basi tukubali kwamba nahodha huyo aligeuka mjinga usiku mmoja. Hakuna mwenye akili atakayelikubali hilo.

Simaanishi kwamba shule haina faida Kiwayu. Mvuvi anayejua kusoma mizani, kuweka hesabu na kuuelewa mkataba kabla ya kuutia saini hapunjwi kwa urahisi na dalali. Huo ndio ujuzi ambao uchunguzi wa Nairobi na Dar es Salaam uliona kuwa una thamani, nao humfaa anayebaki kisiwani sawa na anayehamia mjini.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tusimwambie mwanafunzi asome ili asiwe kama babake. Tumwambie asome ili aongeze juu ya kile ambacho babake anakijua. Hesabu ya darasani na ianzie kwenye mizani ya samaki, na somo la jiografia liyape nafasi majina ya pepo na maji anayoyasikia nyumbani. Nawe mwanafunzi, kabla ya kuhesabu miaka uliyokaa shuleni, jiulize umejua nini. Wahenga walinena: elimu bila amali ni kama nta bila asali.