MAUMIVU YA MGONGO: HOFU NAYO HUTONESHA



Karibu kila kigango kina mtu ambaye mgongo umemwandama kwa miezi au miaka. Hainui tena ndoo ya maji, hashiki jembe, na kanisani hukaa wakati wenzake wamepiga magoti. Alipigwa picha ya eksirei, akaambiwa hakuna kilichovunjika. Basi nyumbani maneno huanza: huyu asema anajifanya, yule asema ni mvivu, mwingine kwamba amerogwa. Kabla ya kumhukumu, tuangalie kazi ya mtaalamu mmoja wa saikolojia, Johan Vlaeyen, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, na Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven, Ubelgiji.

Vlaeyen hasemi kwamba mgonjwa huyu anajifanya. Maumivu yake ni ya kweli. Swali lake ni hili: watu wawili wameumia mgongo kwa namna ileile, kwa nini mmoja hupona baada ya wiki chache na mwingine bado anaugulia mwaka unaofuata? Mwaka 2000, yeye na Steven Linton wa Sweden walieleza kwamba mambo huenda kwa kuzunguka. Aliyeumia huwaza, "Uti wangu wa mgongo umeharibika, nikiinama utakatika." Wazo hilo huzaa hofu, na hofu humfanya akwepe kila kazi. Misuli isiyotumika hulegea, moyo huingiwa na huzuni, na kwa kuwa anausikilizia mgongo mchana kutwa, kila kichomo kidogo hukisikia. Maumivu yakizidi husema, "Nilijua!" Hapo mzunguko unaanza upya. Asiye na hofu hiyo hurudia shughuli zake polepole, na mara nyingi hupona.

Lazima tukiri kwamba hata sisi wahudumu wa afya tumeilisha hofu hiyo. Zamani tulimwambia mgonjwa alale tu kitandani. Lakini utafiti wa Finland wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba walioendelea na shughuli zao za kawaida, kadiri maumivu yalivyowaruhusu, walipona upesi kuliko waliolazwa kitandani siku mbili. Tena, maneno kama "pingili zako zimechakaa" humtia mtu woga bure. Mwaka 2015 watafiti walikusanya habari za picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye umri wa miaka 40, wapatao 68 kwa kila 100 walikuwa na uchakavu kati ya pingili zao. Ni kama mvi.

Sasa, hofu hutibiwaje? Mgonjwa huonyeshwa picha za kazi za kila siku: kuinama, kubeba mzigo, kupanda ngazi. Huzipanga kwenye mchoro kama wa kipimajoto, kuanzia 0 hadi 100, kwa jinsi anavyoogopa kila moja itamdhuru. Kisha huanza na ile ya chini. Kwanza hueleza anachodhani kitatokea, halafu huifanya, na kujionea mwenyewe kama mgongo umekatika. Katika jaribio la mwaka 2001 wagonjwa wanne walitibiwa hivyo, na pia kwa mazoezi ya kawaida ya kuongeza kazi kidogo kidogo. Hofu ilishuka walipofanya yale hasa waliyoyaogopa. Tusitie chumvi, hata hivyo: katika utafiti wa mwaka 2008 wenye wagonjwa 85, njia hizo mbili hazikutofautiana sana katika kumrudishia mtu uwezo wa kufanya kazi.

Mama aliyeacha kuchota maji anaweza kuanza na kidumu cha lita 3, siku kadhaa, kisha 5. Maumivu kidogo wakati huo si dalili ya kuharibika. Nanyi wa nyumbani, msimnyang'anye kila kazi, wala msimcheke.

Lakini yapo maumivu yasiyongoja. Nenda hospitali upesi ikiwa mgongo unauma pamoja na homa, kukonda au jasho la usiku, maana kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo. Au ikiwa umeanguka vibaya, au umewahi kuugua saratani. Na miguu ikilegea, ganzi ikiingia sehemu za siri, au mkojo na choo vikikushinda kuzuia, usingoje hata kesho asubuhi.