Jani la Maharage na Swali la Kwa Nini

Ukitaka kujua kama mwanafunzi wa kidato cha pili ameielewa biolojia au ameikariri tu, muulize kwa nini jani huchemshwa kabla ya kupimwa wanga. Hatua atazitiririsha kama sala: maji ya moto, spiriti, maji tena, iodini. Kwenye “kwa nini” ananyamaza.

Huku Ngara na Biharamulo vifaa vya maabara vinaweza kukosekana, maharage hayakosekani. Otesha miche miwili kwenye makopo. Ikishatoa majani, mmoja ufunike kwa boksi siku mbili, mwingine uache juani. Siku ya tatu, mwalimu akiwepo, chuma jani moja kutoka kila mche. Maji yanayochemka huua seli na kulegeza utando wake ili iodini ipenye. Spiriti huondoa ukijani; iweke kwenye kikombe, kikombe ukitumbukize katika maji ya moto mbali na jiko, maana mvuke wake hushika moto upesi. Jani hutoka jeupe, limekakamaa, ndiyo maana linarudishwa kwenye maji ya uvuguvugu. Sasa dondoshea iodini. La juani linageuka bluu iliyokaribia weusi. La gizani linabaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe.

Hapo wengi huandika: “Jaribio linaonyesha klorofili inahitajika.” Hapana! Jani la gizani nalo lilikuwa la kijani, yaani lilikuwa na klorofili. Kilichokosekana ni mwanga, na jaribio limepima hicho tu. Ukitaka kupima klorofili, tafuta jani lenye mabaka meupe.

Mtihani wenyewe unaandikwa kwa Kiingereza. Mimi huwaambia wanafunzi waelezane kwanza kwa Kiswahili, hata Kihangaza, kisha ndipo waandike. Asiyeweza kumweleza mwenzake kwa lugha ya nyumbani, Kiingereza hakitamwokoa.

Halafu lisomeni swali. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Biharamulo, na kila mtoto alisikia habari zake. Nikaona hilo ni swali jepesi, nikauliza virusi vyake vinaenezwaje kati ya watu. Nilitarajia kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa, au vitu vilivyochafuliwa nayo. Mmoja akajaza ukurasa: homa kali, kichwa kuuma, kuhara, kutapika, kutokwa damu. Dalili zote sahihi, mwandiko mzuri. Sikumpa hata alama moja.