Asilimia Tatu na Nusu ya Kiasi Gani?

Oktoba 2024 Arusha ilifurika Land Rover. Zaidi ya magari 1,000 ya aina hiyo yalikusanyika kwa tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya Ujerumani, ambako msafara wa Land Rover 632 ulikuwa umeandikwa kwenye vitabu vya kumbukumbu mwaka 2018. Zilikuwepo za kila rika, kuanzia zile kongwe zenye taa zilizobanana katikati ya pua hadi Defender zilizong'arishwa kama za harusi. Kwa shabiki, ule ulikuwa utajiri mtupu. Karani wa bima angeziona kwa jicho jingine: vyuma vilivyochakaa kwa hesabu ya vitabu, injini ambazo pengine si zile zilizotoka nazo kiwandani, na wenye magari watakaobisha siku ya fidia.

Tanzania, mwenye gari binafsi ana njia mbili. Bima ndogo, inayolinda watu wengine atakaowagonga au mali atakayoiharibu, imekuwa ikiuzwa kwa shilingi 100,000 kabla ya VAT. Bima kubwa, inayolinda pia gari lake mwenyewe, kwa kawaida huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la kale mara nyingi huishia kwenye bima ndogo, ama kwa sababu kampuni imekataa umri wake, ama kwa sababu mwenyewe ameona hakuna haja ya kulipia chuma cha miaka 30.

Akiamua kutafuta bima kubwa, mteja hubishana na wakala kuhusu asilimia. Apunguziwe hata robo. Humo hamna nafasi kubwa ya kupumua, maana viwango vya chini husimamiwa na TIRA, mamlaka ya bima. Pesa nyingi hupotea mahali pengine, kwenye kisanduku cha fomu kinachouliza gari lina thamani gani, ambacho wengi hukijaza kwa kukisia huku wakala akisubiri kutoa stika.

Chukua mfano wa Land Rover One Ten ambayo sokoni, kwa hali ya kawaida, ingeuzwa shilingi milioni 20. Mwenyewe ameifumua yote: chesisi imepigwa mchanga na kupakwa rangi upya, springi mpya, viti vipya, nyaya zote zimebadilishwa. Sasa haiuzwi chini ya milioni 40. Akiandika milioni 20, ada yake ni 700,000 kabla ya VAT. Akiandika milioni 40, ni 1,400,000. Wengi huchagua ya kwanza na kujiona wajanja. Mikataba ya bima, hata hivyo, inaweza kuwa na sharti la uwiano: aliyekatia nusu ya thamani hulipwa nusu ya hasara. Gari likipata ajali yenye matengenezo ya milioni 10, mwenyewe atapewa milioni 5, na humo bado kinakatwa kile kiasi cha kwanza ambacho kila mteja hukibeba mwenyewe. Aliokoa laki saba, amepoteza milioni tano.

Anayeandika milioni 40 bila ushahidi naye hajapona. Gari likiibwa, mthamini wa kampuni ataangalia bei ya soko ya One Ten yoyote ile na kurudi kwenye milioni 20. Mteja atakuwa amelipa ada ya gari la kifahari na kufidiwa gari la mnadani. Hapa ndipo malalamiko mengi kuhusu bima ya magari ya namna hii yanapozaliwa, na kusema kweli kampuni haiwezi kulaumiwa peke yake: imeuza bima ya thamani ya soko, na soko ndilo lililosema.

Biashara ya utalii inalijua tatizo hili kwa ukubwa zaidi. Katika gereji za Arusha, Toyota Land Cruiser huingia ikiwa ya kawaida na kutoka ikiwa gari la safari. Chesisi hukatwa na kuungwa ili ibebe safu nyingine ya viti. Paa huondolewa na kuwekwa la kunyanyuka, ili mgeni asimame kupiga picha simba. Huongezwa tangi la pili la mafuta, friji, redio ya mawasiliano na soketi za kuchajia kamera. Kazi hiyo ni ghali, lakini nyaraka za forodha hazina habari nayo. Zinaonyesha gari kama lilivyoshuka bandarini Dar es Salaam. Kampuni ya utalii ikikatia bima kwa kufuata nyaraka hizo, mwili wote uliojengwa gereji unatembea Serengeti bila mlinzi.

Kampuni za bima nazo zina hoja. Chesisi iliyorefushwa hubadilisha uzito, breki na namna gari linavyokata kona. Paa lililokatwa halibebi mzigo sawa na la kiwandani gari linapopinduka. Mthamini anataka kujua nani alichomelea, kwa chuma gani, na kama kuna mtu mwenye sifa aliyekagua. Asipopata majibu, hupandisha bei au hukataa. Hata kubadilisha injini, jambo la kawaida kwa wenye Land Rover waliochoshwa na spea na kuweka injini ya Toyota ya 1HZ, huleta balaa ikiwa namba ya injini kwenye kadi ya gari haijabadilishwa. Gari lisilofanana na kadi yake humpa anayetafuta sababu ya kukataa madai sababu nzuri kabisa.

Msingi wa sheria hapa ni wa zamani. Katika kesi ya Carter v Boehm ya mwaka 1766, jaji Lord Mansfield wa Uingereza alieleza kwamba anayekata bima anapaswa kueleza mambo yote muhimu anayoyajua, kwa kuwa mtoa bima hayaoni. Makoloni ya Uingereza yaliirithi kanuni hiyo. Waingereza wenyewe waliilegeza kwa wateja wa kawaida kwa sheria ya mwaka 2012: sasa kampuni ndiyo inayotakiwa kuuliza, na mteja ajibu kwa uangalifu. Mwenye gari la Arusha bado anashauriwa aeleze kila kitu bila kuulizwa, kwa maandishi, na abaki na nakala.

Marekani tatizo la thamani lilitatuliwa na soko lenyewe. Kampuni ya Hagerty ya Traverse City, Michigan, ilianza mwaka 1984 kwa kukatia bima boti za mbao, kisha mwaka 1991 ikaingia kwenye magari ya kale. Msingi wake ni thamani iliyokubaliwa: mteja na kampuni wanapatana kiasi kabla ya mkataba, na gari likiteketea kinalipwa hicho hicho, bila mjadala wa soko. Ada yake mara nyingi huwa chini kuliko ya gari la kila siku, kwa sababu gari la kale hulala gereji, huendeshwa mara chache, na mwenyewe ana gari jingine la kwendea kazini. Desemba 2021 kampuni hiyo iliingia soko la hisa la New York.

Kenya ina utamaduni mkubwa wa magari haya. Maonyesho ya Concours d'Elegance hufanyika Nairobi tangu mwaka 1970, na mbio za East African Safari Classic zilianza mwaka 2003, nusu karne baada ya mbio za kwanza za Safari za mwaka 1953. Hata huko, kampuni nyingi huweka kikomo cha umri kwa bima kubwa, mara nyingi kati ya miaka 12 na 15. Na mbio hazimo: bima ya kawaida ya gari haifuniki mashindano.

Kinachokosekana Afrika Mashariki ni wingi uliopangwa. Kampuni haiwezi kukadiria hatari ya gari moja la ajabu, ila inaweza kukadiria ya magari 200 ya klabu moja yenye picha, risiti na ripoti za uthamini zinazofanana. Mwenye gari mmoja mmoja anaweza kuanza na hivyo hivyo: ripoti ya mthamini huru, risiti za gereji, picha za kabla na baada, kisha barua inayoitaka kampuni ithibitishe kwa maandishi kiasi itakacholipa. Ikigoma kulipa baadaye, kuna ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima, TIO, na karatasi hizo ndizo atakazokwenda nazo.

Ripoti yenyewe huzeeka haraka. Wakati wa kuhuisha bima, mfumo wa kampuni unaweza kuteremsha thamani ya kila gari kwa asilimia fulani, kana kwamba yote ni Corolla. Defender ya zamani iliacha kutengenezwa Solihull Januari 2016, na zilizotunzwa vizuri bei yake inapanda. Mwenye nayo asiposoma karatasi mpya kabla ya kulipia, atajikuta amekatia bima gari la bei ya chini kuliko alilonalo, mwaka baada ya mwaka.