Mama anayenyonyesha, soma kopo kabla ya kupaka

Nilisomea Karagwe, wazazi wangu wakiwa wakimbizi Tanzania. Huko ndiko nilikolijua neno mkorogo, yaani mafuta yanayochanganywa ili kuchubua ngozi. Niliporudi Rwanda nililikuta limekwishafika, wenyeji wakiliita mukorogo.

Ndugu zangu wafanyabiashara wa mpakani, nanyi akina mama wenzangu, hili tuliseme waziwazi kwa sababu anayeumia zaidi ni mtoto anayenyonya.

Mafuta mengi ya kuchubua huwa na zebaki, haidrokwinoni au dawa kali kama klobetasoli. Zebaki hupenya ngozi ya mama, ikaingia kwenye damu, kisha kwenye maziwa. Hudhuru figo, na kwa mtoto mchanga hudhuru ubongo ambao bado unakua. Mtoto huipata pia kwa kushikwa na mikono iliyopakwa au kufutwa kwa taulo ya mama.

Utaitambuaje? Soma kopo. Zebaki huandikwa "mercury", "mercure" au "calomel". Onyo la kutogusisha mafuta na dhahabu au fedha nalo ni dalili yake. Kopo lisiloorodhesha viambato, liache dukani.

Ngozi ikikauka, vaselini isiyo na manukato inatosha. Chuchu zikipasuka, paka matone ya maziwa yako mwenyewe, uache yakauke. Usipake mafuta mengine kifuani anapolala mtoto.

Aliyekwisha kutumia mkorogo aache kuupaka, aende kituo cha afya na kopo lake mkononi. Asimwachishe mtoto ziwa kabla ya kupata ushauri wa mganga.

Kwa mfanyabiashara, hesabu ni nyepesi. Kenya, Tanzania na Rwanda zote zimepiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni. Mwishoni mwa mwaka 2018, polisi wa Rwanda na maofisa wa viwango walipita madukani wakiyakusanya. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki, hata kwa kiasi kidogo, ifikapo 2025.

Najua katoni ya mkorogo huisha upesi kuliko ya vaselini. Lakini ikikamatwa Rusumo, mtaji wote umekwenda. Na isipokamatwa, huenda mteja wako wa kwanza akawa dada yako, mgongoni amembeba mpwa wako.