Theluji Tumeiona, Mjukuu Hatumwoni

Juma lililopita kijana mmoja anayekwenda masomoni Sweden alinijia na kamera ya marehemu baba yake, Pentax K1000, akaniuliza anunue filamu gani ya kupigia picha wakati wa baridi. Siku hizi vijana wamezirudia filamu. Hata Kodak, iliyotangaza mwaka 2012 kwamba inaacha kutengeneza slaidi za Ektachrome, ilizirudisha sokoni mwaka 2018. Nilimjibu kwa kisa kilichonipata mwenyewe.

Januari 1996 nilikuwa Stockholm. Nilimpiga mwanangu wa miezi minane picha kwenye theluji, mkanda mzima, nikaituma iliyo bora Tanga. Baba akajibu kwa barua: "Mwanangu, theluji tumeiona, mjukuu hatumwoni." Uso wa mtoto ulikuwa mweusi kama chungu, na theluji yenyewe imetoka kijivu. Mzee alifariki Aprili. Picha iliyokutwa kando ya kitanda chake ni hiyohiyo.

Kosa halikuwa la filamu wala la studio iliyosafisha. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina rangi ya wastani, yaani kijivu. Kikiona weupe mwingi hushtuka na kupunguza mwanga. Mwenye ngozi nyeupe hupoteza kidogo tu. Sisi hupotea kabisa, tukabaki meno na koti.

Dawa yake ni kutokipima kile cheupe. Vua glovu, elekeza kamera kwenye kiganja chako kikiwa katika mwanga uleule unaoangukia uso wa mtu, usome kipimo. Kisha ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili: kama lenzi ilikuwa kwenye 16, iwe 11. Nasema kiganja, si mgongo wa mkono, kwa sababu viganja vya watu havitofautiani sana hata ngozi zikitofautiana. Kwa uso mweusi mimi huongeza nusu stopu tena, wakati mwingine nzima. Glovu irudi upesi mkononi.

Hapo ndipo swali la filamu linapopata jibu. Nunua filamu ya negativu, siyo slaidi. Negativu huvumilia mwanga uliozidi, hata stopu mbili, na theluji bado ikatoka vizuri. Slaidi ikizidishiwa mwanga kidogo tu, theluji hugeuka karatasi tupu. Kasi iwe ASA 400, kama Portra 400 ya rangi, au HP5 ya Ilford kwa asiyetaka rangi. Stockholm mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri, na mawingu huweza kukaa siku nyingi. ASA 100 itakusumbua. Iweke kwa siku ya jua, ambapo theluji hurudisha mwanga kutoka chini hadi kidevuni na kuupendezesha uso. Siku hiyo utaona vivuli vya buluu kwenye theluji. Usiilaumu filamu, kivuli kinaangazwa na anga tu.

Baridi nayo ina visa vyake. Betri hulegea, basi weka ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili. Katika K1000 betri ni ya kipimo tu, kwa hiyo ikizimika kamera bado inapiga. Usiguse chuma kwa ngozi yenye unyevu: Herbert Ponting, mpiga picha aliyekwenda Antaktika na msafara wa Kapteni Scott mwaka 1910, ulimi wake uligusa kamera ukaganda papo hapo.

Aliyewahi kutoka chumba chenye kiyoyozi Dar es Salaam akakuta miwani imefunikwa na ukungu atanielewa hapa. Kamera baridi ikiingia nyumba yenye joto hutoka jasho, mpaka ndani ya lenzi. Itie kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga ungali nje, kisha uiache humo saa moja au mbili hadi ipate joto la chumba.

Ukiwa nje, sogeza filamu polepole, na ukiimaliza irudishe polepole zaidi. Katika baridi kavu hukakamaa na kukatika, na ukiivuta kwa haraka hutoa cheche ndogo za umeme zinazochora vimeme juu ya picha, pengine usoni mwa mtoto.