Mahindi ya luseni: mfuko wa DAP au chupa ya mbolea ya maji?

Mvua za kwanza zikishagusa Kahama, Msalala na Nyang'hwale, maduka ya pembejeo hujaa wakulima wenye swali moja. Je, ni bora kununua mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, na kulipia bodaboda, au chupa ya lita moja ya mbolea ya maji, maarufu kama busta, inayoingia kwenye kapu? Muuzaji atakwambia ya chupa inafyonzwa haraka. Hadanganyi. Ila hakuna anayemuuliza kinafyonzwa kiasi gani.

Jibu liko kwenye lebo. Mfuko wa DAP umeandikwa 18:46:0, maana yake katika kila kilo 100 kuna kilo 18 za naitrojeni na 46 za fosfeti. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Sasa chukua mbolea ya maji iliyokolea, 10:34:0, ile ambayo wakulima wakubwa wa Marekani huimwaga kwenye mstari wa mbegu kwa mashine zenye matangi. Lita yake moja ina uzito wa kilo 1.4 hivi, na fosfeti iliyomo haifiki nusu kilo. Ili kulingana na mfuko mmoja wa DAP, utahitaji karibu lita 48. Mmarekani ana trekta, tangi na bei ya jumla. Busta nyingi za madukani kwetu hazijakolea hata kufikia hiyo.

Kwa mzizi, ubishi huu wa kavu na maji haupo. Chenga ya mbolea ikipata unyevu huyeyuka, na mzizi hunywa maji yaliyobeba virutubisho vyake. Kinacholeta tofauti ni kiasi na mahali. Fosforasi husogea kidogo sana udongoni, na mche mchanga una mizizi michache. Akiba ya kwenye punje ikiisha, lazima mche uikute fosforasi jirani. Ukiikosa, majani hugeuka zambarau na mmea hudumaa. Jani nalo linafyonza, lakini kidogo kidogo, na ukiikoleza mbolea linaungua. Isitoshe, siku ya kupanda hakuna jani la kupulizia.

Luseni, udongo wa kichanga ambamo Wasukuma wengi hupanda mahindi, una tabia yake. Haushiki maji wala virutubisho kwa muda mrefu. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, miche miwili kila shimo, ekari moja ina mashimo kama 9,000. Gawanya mfuko mmoja wa kilo 50 na utapata gramu tano na nusu kwa shimo, sawa na kizibo kimoja cha soda kilichojaa, kwa makadirio. Chimba shimo la sentimita 10, weka mbolea chini, fukia kwa udongo wa sentimita tatu hadi tano, ndipo uweke mbegu. Mbolea ikigusana na punje, amonia na chumvi zake huweza kuunguza chipukizi. Urea ni mbaya zaidi kwa hilo, usipandie kabisa. Iache iwe ya kukuzia, na kwenye luseni igawe mara mbili, kwa kuwa mvua kubwa moja huisomba naitrojeni chini ya mizizi. Weka udongo ukiwa na unyevu, kisha fukia. Jua la Januari na Februari likikata mvua, subiri.

Busta ina kazi yake. Majani machanga yakitoka na michirizi myeupe, huenda zinki imepungua, na kwa kuwa mmea unahitaji zinki kidogo tu, kupulizia kunasaidia. Hapo chupa ina thamani yake. Kuiita mbadala wa mbolea ya kupandia ni biashara tu.

Kupulizia kunahitaji maji pia, madumu matano ya lita 20 au zaidi kwa ekari, na hapa ukanda wa Geita una hatari yake. Usichote maji ya mwalo, yaani pale panapooshwa udongo wa dhahabu. Wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, na masalia yake hubaki kwenye maji na kwenye marudio, yaani matope yanayobaki baada ya kuosha. Ukiyapulizia unayapeleka shambani na mwilini mwako. Madumu yaliyobeba kemikali za kuchenjulia dhahabu nayo hayafai, hata yakioshwa mara ngapi. Tahadhari nyingine ni kwa mfugaji wa Shinyanga, urea ifungiwe ndani: ng'ombe akiilamba kwa wingi, urea hugeuka amonia tumboni, naye anaweza kufa ndani ya saa chache.

Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, nunua mfuko. Hakikisha umeshonwa vizuri, una uzito na tarehe, na udai risiti. Mbolea ya ruzuku, iliyoanza msimu wa 2022/2023, hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa, hivyo ambaye hajaandikishwa amwone mtendaji wa kijiji kabla mvua hazijaanza.