Nyonga ya bandia na sala ya mgonjwa

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu msomaji, Ijumaa hii tuchukue mfano wa mzee wa Turiani, wilayani Mvomero, chini ya milima ya Nguru. Ameinamia mpunga miaka mingi, na leo hawezi kuvaa kiatu bila kuugulia. Gegedu la nyonga yake limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Wengine hufikwa na haya baada ya kuanguka na kuvunjika, na wapo vijana wenye selimundu ambao kichwa cha mfupa wa paja hufa kwa kukosa damu.

Tiba ipo. Daktari John Charnley wa Uingereza ndiye aliyeuweka upasuaji huu katika sura yake ya kisasa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kichwa cha mfupa kilichoharibika huondolewa, na mahali pake huwekwa cha bandia. Hapa nchini upasuaji huo hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Lakini kiungo kipya huweza kuteguka, hasa katika wiki za mwanzo, misuli ikiwa haijapona. Kwa hiyo wagonjwa wengi, kwa kutegemea namna walivyopasuliwa, hukatazwa kukunja nyonga kupita pembe ya digrii 90, kupishanisha miguu na kuupinda mguu kwa ndani. Sasa tuyatazame maisha yetu: kigoda, mbuzi ya kukunia nazi, jamvi, choo cha kuchuchumaa. Vyote hivyo vinavuka mpaka huo.

Ndiyo maana tunasema maandalizi yaanze nyumbani, kabla ya safari ya hospitali. Fundi atengeneze kiti imara chenye mikono, kirefu kupita magoti, na kingine chenye tundu cha kuweka juu ya choo. Kitanda kiinuliwe. Mikeka inayoteleza iondolewe. Mgonjwa atibiwe meno mabovu na vidonda, adhibiti kisukari, aache sigara, na ajifunze kutembea kwa magongo mapema.

Akisharudi, atembee kidogo kidogo kila siku, na alale na mto kati ya miguu. Akipanda ngazi atangulize mguu mzima; akishuka atangulize uliopasuliwa. Kidonda kikitoa usaha, au mguu ukivimba na kuuma, arudi kwa daktari. Kifua kikibana ghafla au pumzi ikikatika, akimbizwe hospitali saa ile ile, kwani huenda damu imeganda na kufika mapafuni.

Na sala je? Hapa ndipo wazee wetu wengi hujihatarisha, kwa kudhani kwamba kusali kitini ni uvivu wa imani. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran bin Huswain (R.A.), aliyekuwa mgonjwa, asali kwa kusimama; akishindwa, kwa kukaa; akishindwa, kwa kulala ubavu. Basi anayeweza kusimama na asimame, kisha rukuu na sijida azifanye kwa ishara akiwa kitini, sijida akiiinamia kidogo zaidi ya rukuu, bila kuvuka mpaka wa daktari. Udhu haumsumbui sana, kwa kuwa jeraha la nyonga haliko katika viungo vya udhu. Asipoifikia miguu yake, mtoto au mjukuu amwoshee.

Tunawaomba maimamu wa misikiti waweke viti pembeni mwa safu, na tunawaomba waumini wasimwangalie kwa jicho baya aliyekaa. Aliyetupa ibada ndiye aliyetupa ruhusa, na mwenye kulitegua paja lake kwa kuikataa ruhusa hiyo amejiongezea maradhi, si thawabu. Baada ya miezi kadhaa amuulize daktari wake kama sijida ya chini imewezekana tena.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.